Stesheni iko Slovenia, mji uko Italia: jibu kwa msomaji wa Malindi

"Mimi natembeza wageni hapa Malindi, mnara wa Vasco da Gama, Gede, Marafa, kila mahali. Kuna mzee Mtaliano huja kila Januari, kwao ni Gorizia. Amenionyesha picha amesimama kwenye uwanja mbele ya stesheni kubwa ya treni, anasema mguu mmoja uko Italia na mwengine uko Slovenia. Anasema hiyo stesheni ilikuwa yao Wataliano, Mussolini aliijenga, wakomunisti wakaichukua kwa nguvu wakaweka ukuta kama wa Berlin. Mwenzangu anasema mzee anatupiga chenga, hakuna nchi inaweza kupewa stesheni alafu mji ukabaki kwa mwengine. Nani mkweli? Nauliza pia kwa sababu mzee amenialika mwakani. Nikipata viza ya Italia alafu nikavuka huo mstari kwenda kuiona stesheni, si ntashikwa? Na nikirudi upande wa Italia si viza itakuwa ishaisha?"

Ndugu yangu, tuanze na mwenzako mana yeye ndiye aliyekosea zaidi. Nchi inaweza kabisa kupewa stesheni na mji ukabaki kwa mwengine, na Gorizia ndivyo ilivyokuwa mwaka 1947. Picha ya mzee ni ya kweli. Uwanja huo Wataliano wanauita Piazza Transalpina, Waslovenia wanauita Trg Evrope, na chini katikati kuna duara la mozaiki pale ambapo zamani fensi ilikuwa inapita, kila mgeni akifika hapo lazima apanue miguu apigwe picha. Jengo lililo nyuma yake ni stesheni ya Nova Gorica, iko Slovenia. Ila kwenye hadithi mzee ametia chumvi, na sidhani amefanya makusudi, mambo ya mpaka ule kila familia ina namna yake ya kuyasimulia.

Mussolini hakuijenga. Stesheni ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1906, na siku hiyo Mussolini alikuwa kijana wa miaka 22, hajulikani na mtu. Aliyekuja kuifungua ni Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria, yule yule aliyekuja kupigwa risasi Sarajevo 1914 na vita vya kwanza vya dunia vikaanzia hapo. Maana 1906 Gorizia haikuwa Italia wala Slovenia, ilikuwa ndani ya Austria, na mpaka wa Italia ulikuwa kilomita kadhaa huko magharibi. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wanaiona stesheni imekaa mpakani wanadhani ilijengwa mpakani. Sivyo. Ilijengwa pembeni mwa mji, upande wa kaskazini, penye nafasi ya kulaza reli nyingi, kama stesheni yoyote. Mpaka ndio uliokuja kuifuata, miaka 41 baadaye.

Sasa kwa nini Austria ihangaike kupitisha reli kwenye milima ile? Jibu ni bandari. Trieste ndiyo ilikuwa bandari yao kubwa, na reli ya kutoka Vienna ilishafika Trieste toka 1857, lakini ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, Südbahn, na hiyo kampuni ikawa na stesheni yake Gorizia toka 1860, iko kusini mwa mji mpaka leo (ikumbuke hii, ntairudia chini mana inawapoteza wageni). Serikali haikutaka bandari yake itegemee njia moja tu ya mtu mwengine, kwa hivo ikaamua kujenga njia ya pili, ya kwake, ishuke kutoka Jesenice ipite bonde la mto Soča, ambao Wataliano wanauita Isonzo, hadi Gorizia na baharini. Mlima mmoja ukatobolewa handaki la Bohinj lenye urefu wa mita 6,327. Na karibu kabisa na stesheni yetu, pale Solkan, mto ukavukwa kwa daraja ambalo mimi nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuona kwenye njia hiyo nzima ntachagua hilo.

Ni upinde wa mawe, mita 85 kutoka mguu mmoja hadi mwengine, na mpaka leo hakuna daraja la reli la mawe duniani lenye upinde mpana kuliko huo. Fundi alijenga kwanza fremu ya mbao kuvuka mto mzima, juu yake yakapangwa mawe zaidi ya 4,500 yaliyochongwa kila moja kwa umbo lake, kutoka pande zote mbili kwenda katikati, yakikutana juu mbao zinaondolewa chini na mawe yanabaki yamejishikilia yenyewe kwa kusukumana. Hakuna chuma kinachoyabeba. Treni ikipita juu, uzito wake unazidi kuyabana. Lilikamilika 1905.

Raha yenyewe haikudumu hata miaka kumi. Mei 1915 Italia ikaingia vitani dhidi ya Austria, na bonde la huo mto likawa uwanja wa mapigano kumi na mawili kati ya 1915 na 1917, watu walikufa kwa malaki. Agosti 1916 Wataliano wakaiteka Gorizia, na Waaustria wakirudi nyuma wakalilipua daraja la Solkan. Mwaka uliofuata Wataliano nao wakavunjwa pale Caporetto wakakimbia, wakarudi tena 1918 himaya ya Austria ilipokufa. Kwa hivo ukiuliza mji ni wa nani, katika miaka mitatu jibu lilibadilika mara tatu.

Baada ya vita eneo lote likawa Italia, mkataba wa Rapallo wa 1920 ukasukuma mpaka mbali mashariki, hadi njia ya reli ikawa inaingia nchi nyengine ndani ya lile handaki la Bohinj. Stesheni ikaitwa Gorizia Montesanto. Hapa mzee wako yuko sawa, ilikuwa yao kweli, na ni Italia iliyolijenga upya daraja kati ya 1925 na 1927, tena kwa mawe vile vile. Lakini reli yenyewe ilishapoteza kazi yake. Ilijengwa kupeleka mzigo wa Vienna na Prague kwenda Trieste, na sasa Vienna na Prague ziko nchi nyengine zenye mipango yao, Trieste imebaki bandari bila bara. Ikawa reli ya vijiji.

Na kuna jambo ambalo mzee hakukwambia, au hakutaka kuharibu maongezi. Bonde lile na vijiji vilivyoizunguka Gorizia wakaazi wake wengi walikuwa Waslovenia. Chini ya serikali ya Mussolini shule zao za Kislovenia zilifungwa, majina ya ukoo yakabadilishwa yasomeke Kitaliano, hata majina ya vijiji. Sa mtu wa upande ule ukimwambia "mlichukua stesheni yetu" na yeye ana la kukwambia. Sisemi hivi kumtetea mtu, mana wapiganaji wa Tito, kiongozi wa wakomunisti wa Yugoslavia (nchi ya zamani ambayo Slovenia ilikuwa ndani yake), nao walipoingia Gorizia Mei 1945 walikaa siku kama arobaini na katika hizo siku wapo watu walichukuliwa majumbani kwao wasionekane tena. Kila upande una makaburi yake, na ukiwa mgeni mezani kwa mzee ni bora usikilize kuliko kuamua.

Tuje kwenye hoja ya mwenzako, vipi stesheni ikaenda huku na mji ukabaki kule. Juni 1945 wanajeshi wa Tito walirudi nyuma na mji ukashikwa na Waingereza na Wamarekani, alafu wakubwa wa vita wakakaa Paris kuamua. Yugoslavia ilikuwa upande wa washindi na ilitaka eneo lote mpaka Trieste, Italia ilishindwa vita lakini nchi za magharibi hazikutaka kuikamua mpaka ianguke mikononi mwa wakomunisti wake. Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wasovieti kila mmoja alichora mstari wake kwenye ramani, na uliochukuliwa ni wa Wafaransa kwa sababu ulikuwa wa kati kati. Mantiki yake ilikuwa hii: mji wa Gorizia una Wataliano wengi, ubaki Italia, bonde na vijiji vya mashariki vina Waslovenia, viende Yugoslavia. Na bonde haliishi bila reli yake, hiyo ndiyo njia pekee ya treni ya kulipanda. Sasa reli ya bonde inapita ukingoni mwa mji, kwa hivo mstari ukapitishwa kati ya mji na reli. Ni kama urithi ambao ndugu mmoja anapewa nyumba na mwengine anapewa kisima kilicho uani, kwenye karatasi wote wamepata, kwenye maisha wote wamepungukiwa. Yugoslavia ilipata stesheni haina mji, Italia ikapata mji umekatwa mashamba na vijiji vilivyokuwa vinaulisha.

Mkataba ulisainiwa tarehe 10 Februari 1947 na ukaanza kazi usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Septemba mwaka huo. Wanajeshi wakapita wakiweka alama, sehemu nyengine ni mstari wa rangi nyeupe tu chini, unakatiza uani kwa watu, mtu nyumba iko huku zizi la ng'ombe liko kule. Kijiji cha Miren mstari ulipita ndani ya makaburi, mpaka maiti waligawanywa, na hali hiyo ilidumu mpaka baada ya mkataba wa Osimo wa 1975 ndipo makaburi yakawa upande mmoja. Na stesheni ndio usiseme. Ule uso wake mzuri, mlango mkubwa wa abiria, ulijengwa uangalie mjini, kwa hivo baada ya 1947 abiria akishuka kwenye treni akitoka mlango wa mbele anakutana na fensi hatua chache tu, na ng'ambo ya fensi ni nchi ya watu.

Sisi watu wa Pwani jambo hili halitushangazi sana, mpaka wetu na Tanzania ulichorwa 1886 na Waingereza na Wajerumani, watu wa Vanga wana jamaa zao Jasini na hakuna aliyewauliza. Tofauti ni kwamba pale Gorizia mstari ulipita juu ya mji uliokuwa ushajengwa.

Yugoslavia ikaona haiwezekani kuwa na stesheni haina mji, ikaamua kujenga mji. Kazi ilianza 1948, mchoro wa Edvard Ravnikar, na vijana wa kujitolea wakaja kutoka kila pembe ya nchi kuchimba na kubeba. Ndio hiyo Nova Gorica. Juu ya stesheni ikawekwa nyota nyekundu kubwa ya kuwaangalia Wataliano kutoka juu, na wao walikuwa wanaiona hata wasipotaka. Leo hiyo nyota haiko tena juu, na ndani ya stesheni kuna chumba cha makumbusho cha historia ya mpaka, kidogo lakini kina vitu vya maana, usiache kuingia.

Ukuta wa Berlin sasa. Watu wa kule wenyewe wanapenda huo mfano kwa sababu watalii wanauelewa haraka, mimi siupendi. Ukuta wa Berlin uliwekwa 1961 na serikali moja ili watu wake wasitoke. Hapa mpaka ulikuja kwa mkataba wa kimataifa, na mbele ya stesheni kulikuwa na kiukuta cha chini cha zege na fensi ya chuma juu yake, ungeweza kusimama ukamsalimia jirani. Kweli miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, askari walikuwa wakipiga risasi na wapo waliokufa wakijaribu kutoroka, hilo silifichi. Ila 1948 Tito aligombana na Stalin, mkuu wa Wasovieti, akawa anahitaji biashara na magharibi, na polepole mpaka ukaanza kuvuja.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha Jumapili ya tarehe 13 Agosti 1950. Watu kwa maelfu wa upande wa Yugoslavia walikusanyika kwenye kivuko cha Rožna Dolina wakitarajia kuonana na jamaa zao, umati ukawa mkubwa, wakasukuma, askari wakazidiwa, na watu wakamiminika Gorizia. Hawakuvunja kitu, hawakupiga mtu, waliingia madukani. Na kitu walichonunua mpaka siku yenyewe ikaitwa kwa jina lake ni mifagio! Kwao mifagio ilikuwa haipatikani. Jioni wakarudi makwao kila mtu na fagio lake begani. Mimi kila nikisoma habari za mikataba na marais huwa narudi kwenye hayo mafagio, mana yanakwambia shida ya mpaka ilikuwa ipi hasa kwa mama wa nyumbani.

Mwaka 1955 nchi hizo mbili zikakubaliana pale Udine, wakaazi wa karibu na mpaka wakapewa vibali maalum vya kuvuka, kwenda shambani, kwenda kwa jamaa, kwenda sokoni. Kutoka hapo ikawa kila upande unajua cha kufuata, Wayugoslavia wanaenda kununua jinzi na kahawa, Wataliano wanaenda kununua nyama na kujaza petroli ya bei nafuu. Baadae zikaja kasino Nova Gorica, na mzee wako akikwambia hajawahi kuingia hata moja mcheke kidogo.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Slovenia ilijitenga na Yugoslavia Juni 1991. Usiku wa 30 Aprili 2004 kuamkia siku ya kujiunga na Umoja wa Ulaya walikesha hapo hapo mbele ya stesheni, fensi ilikuwa ishatolewa mwaka huo huo. Disemba 2007 Slovenia ikaingia Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, na ukaguzi ukaisha. Alafu Machi 2020 korona ikaja, fensi ikarudishwa katikati ya uwanja kwa miezi kama mitatu, wapenzi wakawa wanaonana kwenye nyavu kama zamani za bibi zao. Na 2025 miji yote miwili kwa pamoja ikawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya.

Haya, safari yako. Ukiwa na viza ya Schengen ya kawaida iliyotolewa na Italia unaweza kuvuka kwenda Slovenia na kurudi, hata kama ni ya kuingia mara moja tu, kwa sababu kwenda Slovenia hujatoka Schengen, viza ya kuingia mara moja inaisha ukitoka nje ya eneo lote. Angalia stika yenyewe ikibandikwa kwenye pasipoti, kwenye sehemu ya uhalali iwe imeandikwa Stati Schengen. Kama imeandikwa Italia peke yake hiyo ni viza ya aina nyengine, nadra kidogo, na nayo usivuke hata hatua moja. Kosa la pili ni kuacha pasipoti kwa mzee ukaenda kutembea na simu tu. Toka Oktoba 2023 Italia imerudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Slovenia na imekuwa ikiurefusha, mzee na sura yake ya kule huenda asisimamishwe na mtu, wewe huenda ukasimamishwa, ndio dunia ilivyo, beba pasipoti yako mwilini.

Maombi peleka kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwako ni Italia, mapema usizidi miezi sita kabla ya safari na usichelewe chini ya siku 15, mimi nakwambia anza miezi mitatu kabla. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima toka Juni 2024 na hairudishwi ukinyimwa. Utatakiwa bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, barua ya mwaliko ya mzee, na vitu vya kuonyesha una la kukurudisha Malindi, hapo ndipo vijana wetu wengi wanaangukia kwa sababu kazi ya kutembeza wageni haina karatasi. Tafuta leseni yako ya uongozaji kama unayo, taarifa za benki au za M-Pesa, barua ya chama chenu. Mzee naye mwambie akikupokea nyumbani ana saa 48 za kutoa taarifa kwa polisi kwamba amelaza mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, wazee wengi hawalijui hilo alafu faini inawakuta.

Zaidi ya hapo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kama uliwahi kunyimwa viza, au una jambo lolote la zamani na uhamiaji, au majina kwenye kitambulisho na pasipoti hayafanani, panda basi nenda Nairobi ukaulize ubalozini wenyewe kabla hujalipa shilingi. Mtu wa bichi akikwambia ana njia ya mkato ya elfu hamsini mwache aende nayo.

Sasa ile nilosema ntairudia. Treni ya kutoka Venice itakushusha Gorizia Centrale, ile stesheni ya kusini ya 1860, sio ya kwenye picha. Wageni wanashuka hapo wanatafuta mozaiki mpaka wanachoka. Vuka mji kwa miguu au panda basi, ukifika uwanjani ingia stesheni ya Nova Gorica ukate tiketi ya treni ya kupanda bondeni kuelekea Jesenice. Daraja la Solkan utalipita dakika chache tu baada ya kuondoka, na ukiwa juu yake huwezi kuuona upinde, kwa hivo kama ni picha unataka, kabla hujapanda treni tembea kwanza mpaka Solkan, ni pua na mdomo na Nova Gorica, ushuke kando ya mto uliangalie kutoka chini.